Tuta la Mkono wa Kushoto

Kijijini, Laela
14 Oktoba 2006

Wilibrodi,

Huna akili. Narudia ili usidhani kalamu imeteleza: huna akili. Nani alikutuma umpe yule muuaji jina la Yonas? Majina yamejaa duniani, na Wakorea wenyewe wana yao, wewe ukaenda kuokota la Yonas ukambandika mtu anayenyonga wanawake na kuwafunika mabua ya mpunga. Salamu nitakupa mwishoni, zikibaki.

Usijiulize nimejuaje. Jumamosi nilishuka Laela na Dominika, jirani yangu, kuuza maharage. Tulipomaliza akaniambia, "Mama Nestory, mjukuu wako anaongea humo ndani." Nikasema mjukuu wangu yuko Mbeya. Akacheka, akanivuta mpaka kwenye banda la video. Jenereta linanguruma nje, madirisha yamezibwa magunia, vijana wamebanana kama mahindi ghalani. Nikakaa kwenye benchi lenu bovu. Kweli, nikaisikia sauti yako inatoka kwenye midomo ya Wakorea. Mmoja anafungua mdomo kidogo tu, wewe unaongea kama uko barazani na kesi. Mwingine anahangaika kuongea mpaka mishipa inamtoka, wewe unasema, "Haya, twende." Ndiyo kazi uliyoacha jembe kwa ajili yake?

Ila sikatai, picha yenyewe si mbaya. Ingekuwa mbaya ningelala. Watu wake wana matope miguuni, siyo wale wa picha nyingine wanaolima na viatu vyeupe. Yule mwezekaji wa nyumba, muuaji, ni mpole. Anawabebea wazee kuni. Anakwenda msibani na kuchota maji. Aliyetunga hapo anawajua watu.

Yaliyonichukiza ni haya. Wanawake wanakufa wanne, na hakuna hata mmoja uliyempa jina. "Dada", "mrembo", "huyu wa pili". Kufa kwao kunaonyeshwa kwa kirefu hadi vidole vya miguu, kuzikwa kwao hakuna. Hawaoshwi, hawaliliwi. Na kila mtu akitaka kufa, mvua inanyesha. Mvua ina shida gani na watu? Hapa Ufipa watu wamekufa jua likiwaka. Halafu lile polisi linavuta sigara na kupiga watu makofi, na macho halina. Mimi nilimjua muuaji kabla sijazoea giza la banda.

Na wewe kila anapotokea unasema, "Huyoo Yonas anakuja!" Vijana wanapiga miluzi: "Yonas! Msukuma huyo!" Dominika alicheka, halafu akaniangalia. Mimi nilitoka kabla haijaisha.

Yonas ana mke, Debora, yuko Muze na watoto wake. Watoto hao nao wanaingia kwenye mabanda. Ulifikiri hilo? Hukufikiri.

Sisi wazima. Mjomba wako Nestory amerudi moja kwa moja, Kasesya mpakani haendi tena kubeba mizigo ya malori. Ameniezekea jiko upya, mimi nikiwa chini nampa nyasi. Ndiye anayepeleka barua hii kwenye basi. Nimeiandika mwenyewe, usidhani nina karani. Darasa la watu wazima lilitupa herufi zote, hawakubakiza.

Toa hilo jina.

Bibi yako,
Fransiska


Mwanjelwa, Mbeya
9 Novemba 2006

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na kipigo chake. Mimi mzima, Sharon naye mzima, mimba imefika mwezi wa saba na anakula udongo nisipomwangalia. Anakusalimia sana. Msalimie mjomba Nestory, na Mama Dominika umwambie asicheke, hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Bibi, nimeisoma barua mara tatu na bado sijakuelewa. Yonas ndiye aliyemuua mama. Ndivyo nilivyokua nikiambiwa, na wewe ukiwepo. Nilikuwa na miaka saba mama Otilia alipokutwa shambani. Mwaka uliotangulia alikuwa amekutwa Evodia, binti wa katekista, hivyo hivyo. Mahakama ikamfunga Yonas maisha, na tangu afungwe hakufa mwanamke mwingine. Nilipoiona hii picha mara ya kwanza, bosi wangu akaniuliza, "Muuaji tumwite nani?" Mdomo ukafunguka wenyewe. Watu wengine wana majina mengi ya muuaji vichwani mwao. Mimi nina hilo moja. Sasa wewe, mama wa marehemu, unamtetea?

Kuhusu kazi, nikueleze ukweli ambao sijamwambia mtu. Kikorea sijui. Chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza, nusu yake yamekosewa, na mengine yanapita kabla sijamaliza kusoma. Basi natunga. Wateja wanataka mdomo. Ukinyamaza dakika mbili wanasema mtafsiri amelala. Yale majina ya wanawake nakubali ni kosa langu, nilikuwa naona wanakufa mapema nikasema ya nini kuhangaika.

Lakini usiidharau. Nimeingiza sauti kwenye picha zaidi ya arobaini, za Wahindi, Wachina, Wanigeria, hii ndiyo iliyonifanya nirudi nyumbani kwa mguu niwaze. Hakuna risasi hata moja. Tope lile unalisikia kwenye meno. Kuna pale muuaji anakula wali na mama yake, hawaongei, kijiko tu kinagonga bakuli. Pale nilimpa mama maneno, nikasema alikuwa akimpiga kwa kiboko tangu utoto, ili watu waelewe kwa nini mtu awe hivi.

Ubaya wake uko mwishoni, na wewe ulitoka hukuuona. Muuaji hakamatwi! Polisi amechoka, ameacha kazi, anajengewa nyumba. Anayemwezekea ni yule yule. Polisi yuko chini ya ngazi anampa mabua, anaona fundo lile lile la kwenye mabua ya maiti, mkono unasimama. Halafu anampa bua jingine. Basi, imekwisha. Hapa Mwanjelwa walivunja benchi. Bosi akasema niweke maneno, ndiyo nikasema, "Kesho yake Yonas akakamatwa, akanyongwa." Watu wakaridhika.

Ila Bibi, umenishinda kitu kimoja. Unasema ulimjua muuaji mapema. Mimi nimeitazama mara sita na mara ya kwanza sikumjua mpaka mwisho. Ulimjuaje?

Mjukuu wako,
Wilibrodi


Kijijini, Laela
3 Desemba 2006

Mjukuu wangu Wilibrodi,

Salamu umezipata leo mwanzoni kwa sababu ya mtoto aliye tumboni, siyo kwa sababu yako. Mwambie Sharon udongo si dhambi, ila ale wa kichuguu, siyo wa barabarani. Huku mvua zimeanza vizuri. Mahindi ya chini yameota, ulezi bado. Kasimiri mwenyekiti ameanguka na baiskeli, ameota nundu kama embe. Nestory amenipasulia kuni za mwezi mzima, amezipanga kama ukuta wa kanisa.

Nilirudi bandani kuangalia mwisho. Ndiyo, mimi na miguu yangu hii. Safari hii sikumchukua Dominika.

Sikia. Ule mwisho ndiyo picha yote. Mengine ni kukimbizana. Mtu yuko juu, mwingine yuko chini anampa mabua. Wa chini ameona. Anajua. Na bado anampa bua la pili, kwa sababu nyumba lazima iezekwe na mvua iko njiani. Aliyetunga pale alikuwa na haki ya kunyamaza, na wewe ukaingiza mdomo ukanyonga mtu. Umenyonga kwa mdomo, Wilibrodi. Benchi lililovunjika lingetengenezwa kwa misumari miwili.

Na yule mama. Nani alikwambia alimpiga kiboko? Kama hakusema, hakusema. Umemtwisha mzigo mwanamke wa watu usiyemjua, kwa sababu umeona mtu mbaya lazima awe ametengenezwa na mama yake. Hukumwangalia. Mimi nimemwangalia. Mwanaye anaingia, ana matope mpaka magotini. Mama anaangalia bakuli. Anaangalia mlango. Anaangalia mikono yake mwenyewe. Miguu ya mwanaye haiangalii hata mara moja. Mtu asiyejua angesema, "Baba, umetoka wapi na matope hayo, unanichafulia sakafu." Yule haulizi. Anajua, ndiyo maana haulizi.

Unauliza nilimjuaje muuaji. Nyie mnaangalia nyuso. Mimi naangalia mikono. Mwanzoni kabisa anaezeka paa la yule bibi mwenye mbuzi, anafunga mabua kwa mkono wa kushoto, fundo linalala upande wake. Halafu wa kwanza anakutwa kafunikwa mabua, na fundo limelala hivyo hivyo. Kuna haja ya polisi hapo? Kazi ya mkono inabaki na mkono wake, hata mwenyewe akiondoka. Mimi nikipita shambani kwa mtu najua nani alilima, mke au mume, au kibarua. Matuta yetu ya ntumba yanasema yenyewe.

Ndiyo maana nakwambia ufute hilo jina. Yonas ni mchunga ng'ombe. Alilima kwa plau na maksai kama wanavyolima kwao. Hajawahi kuinamia ntumba hata moja maisha yake yote.

Basi. Nimechoka, na karatasi zinaisha. Nestory anashuka Laela kesho, ataiweka hii basini. Gundi sina, nimeibandika kwa uji.

Bibi yako,
Fransiska


Mwanjelwa, Mbeya
20 Desemba 2006

Bibi, shikamoo.

Noeli njema wewe na wote hapo. Sharon mzima, miguu imemvimba kidogo. Udongo wa kichuguu tumeupata.

Barua yako ilifika bahasha ikiwa wazi. Sijui ni uji haukushika.

Bibi, sikusumbui tena na picha. Nina jambo moja. Sharon ni Mnyakyusa, hajui ntumba, nikawa namweleza jinsi tunavyolima huko: mwezi wa pili na wa tatu, nyasi zikiwa ndefu, mtu anazilaza, anakata mabonge ya udongo pamoja na majani, anayapindua juu yake akizunguka mpaka linakuwa tuta la mviringo, na ndani nyasi zinaoza kuwa mbolea. Nikiwa katikati ya kumweleza nikanyamaza. Akaniuliza, "Mbona umesimama?"

Nilisimama kwa sababu nilikumbuka. Mama alikutwa ndani ya ntumba. Evodia pia. Siyo shimoni, siyo kichakani. Ndani ya ntumba iliyolimwa vizuri, ikakaa shambani katikati ya nyingine, ndiyo maana walichukua siku tisa kumwona mama.

Na wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba Yonas hajawahi kulima ntumba.

Ulikuwepo walipoifungua. Ulisimama mbele. Unasema mikono inabaki kwenye kazi. Uliuona mkono gani, Bibi?

Nakumbuka nikiwa mdogo, nimeshika jembe kinyumenyume, kwa mkono wa kushoto, kumwigiza mtu, ukanipiga kibao ukasema mkono huo mmoja unatosha katika nyumba hii. Mtu huyo alininunulia viatu vyangu vya kwanza vya shule. Sitaandika jina. Liandike wewe. Au niambie nimekosea, nitakuamini, nitakuja nipige magoti.

Wilibrodi


Mwanjelwa, Mbeya
6 Februari 2007

Bibi, shikamoo.

Ni karibu miezi miwili hujajibu. Sharon amejifungua tarehe 19 Januari, mtoto wa kike, mzito, analia kama honi ya basi. Tumemwita Otilia.

Nilipiga simu kwenye duka la Zenon pale Laela niulize habari zako. Nilibahatisha mjomba yupo, wakamwita. Amesema hujambo, ila macho yamekuharibikia, huwezi tena kuandika wala kusoma, na barua yangu ya Desemba alikusomea yeye, ukacheka. Amesema nikiwa na neno nimwandikie yeye, atakufikishia.

Macho yalianza lini?

Hii nimempa kondakta aiweke mkononi mwa Mama Dominika, siyo kwa mtu mwingine.

Wilibrodi


Kijijini, kwa Dominika
11 Machi 2007

Wilibrodi,

Macho yangu ni mazima. Naliona hata vumbi kwenye meza hii ya Dominika, na nimemwambia alifute.

Barua yako ya Desemba sikuipata. Hakuna aliyenisomea, na sikucheka. Nimejua uliandika kwa sababu ya hii ya Februari, iliyokaa hapa kwa Dominika mwezi mzima kwa vile alikuwa Sumbawanga anauguza. Sijui uliuliza nini. Lakini najua uliuliza nini. Na aliyeichukua amekwisha kuisoma, na ile yangu ya uji aliisoma pia.

Mtoto nimefurahi. Mnyonyeshe, mfunike, huko Mbeya nako ni baridi. Jina mmempa zito, na mimi ndiye niliyelifanya zito.

Sasa nyamaza unisikilize, usiniandikie "pole Bibi" katikati.

Siku ile ya mwaka tisini na mbili nilisimama mbele kama unavyokumbuka. Nzi ndio walituonyesha. Wanaume walikuwa bado hawajagusa, wanangoja mwenyekiti na polisi. Mimi nikaangalia ntumba. Mtu wa mkono wa kulia akizunguka tuta, mabonge yanapandana kwenda upande mmoja, kama magamba ya samaki. Ya pale yalikuwa yamepandana kwenda upande wa pili. Nadhifu, yamepigwa kwa mgongo wa jembe yakakaa. Kijiji chote kilikuwa na mtu mmoja anayelima hivyo. Nilimzaa mimi. Nilimpiga mwiko kwenye mkono ule wa kushoto kila alipoutumia kushika tonge, kama mama yeyote hapa anavyofanya, na haukuacha. Usije ukaniletea hapo sababu. Watoto wangapi wamepigwa mwiko na hawajaua mtu! Kwa nini Nestory yuko hivi mimi sijui. Nimekula naye wali miaka yote na sijui. Picha yako ingeacha kusema kwa nini, ingekuwa ya kweli zaidi.

Nilichofanya ni hiki. Nilipiga ukunga nikajitupa juu ya ntumba ile, nikaichana kwa mikono miwili, mabonge huku na huku, mpaka wakaja wanne kunibeba. Watu walilia kuniona. Walisema uchungu wa mwana. Kilikuwa kilio kweli, Wilibrodi, mwanangu alikuwa humo ndani. Lakini mikono ilikuwa na kazi yake. Polisi walipofika hapakuwa na tuta, palikuwa na udongo.

Halafu wakasema Yonas. Aligombana na mama yako kwa sababu ng'ombe zake zilikula ulezi, na kamba yake ilikutwa jirani na pale. Waliuliza kila kitu kuhusu kamba. Hakuna aliyeuliza kama Msukuma yule anajua kulima ntumba. Mimi niliitwa mahakamani nikasema sijui kitu. Debora, mkewe, alikuwa amekaa benchi la mbele na mtoto mgongoni, ananiangalia mdomo. Nestory akahamia Kasesya wiki ile ile ya hukumu, na vifo vikakoma hapa, na kila mtu akasema mnaona, alikuwa Yonas. Kule mpakani kama wamekufa wengine sijui. Sikuuliza. Miguu yenye matope sikuiangalia.

Nilikuwa nimebakiwa na mmoja. Hiyo si sababu, nakwambia tu nilichokuwa nasema moyoni.

Sasa la leo. Katikati ya Januari Hellena, yule anayeuza chai na maandazi stendi ya Laela, amepotea. Wanasema amevuka Zambia na dereva wa lori. Ameacha mtoto wa miaka mitatu na sufuria za chai zimeoshwa zimepangwa. Nani anayetoroka anapanga sufuria?

Siku mbili baada ya kusikia hivyo nilitoka nyuma ya nyumba yangu, kwenye kile kishamba changu cha maharage. Nyasi zilikuwa bado hazijatosha, hakuna mtu aliyekuwa ameanza kulima. Nikakuta ntumba moja. Moja tu, katikati, kubwa. Sikuwa nimeomba. Nestory alikuwa amekaa jikoni, chini ya paa alilonifungia, anakula. Nikamwambia, "Umelima nyuma?" Akasema, "Nimekuanzia, Mama. Usiiguse, iache ioze vizuri." Akaendelea kula. Hakunikasirikia. Alinipa kiti.

Kaiweka kwangu, Wilibrodi. Angeweza kuiweka shamba lolote. Kaiweka kwangu kwa sababu anajua mimi ni mtu wa chini ya ngazi, nitampa bua jingine.

Nilingoja aende kuchota maji. Nikachukua mchi wa kinu nikauchomeka pembeni taratibu. Ulishuka, ukashuka, halafu ukagoma kwenye kitu kisichokuwa jiwe. Nikauchomoa nikauosha. Hiyo ni wiki sita zilizopita, nimepita pale kila asubuhi kwenda chooni. Nimepanda maharage juu yake kwa sababu alikuwa ananiangalia. Yameota.

Ninajua unaniitaje sasa hivi. Niite.

Jana barua yako ilipofika mkononi mwangu, nikaona mmempa mtoto jina hilo. Nikachukua kanga zangu mbili nikamwambia Nestory nakuja kumwona Dominika, anaumwa. Akasema, "Usichelewe, Mama." Dominika nimemwambia yote. Alitapika, halafu akaniletea karatasi. Nimemwambia asiniite tena Mama Nestory, aniite Fransiska.

Barua hii inakuja na basi la kesho. Dominika atakupigia simu kukutajia jina la kondakta, na kwenye simu hatasema jingine, usimuulize.

Utafanya hivi. Leo hii unayoisoma, kabla hujafunga begi, ingia kwenye chumba chako cha sauti ufute jina la Yonas kwenye picha ile. Muuaji asiwe na jina. Wale wanawake wanne wape majina, nawe unayajua ya kwetu. Yule mama mwachie kimya chake. Mwisho pia uache kimya, wakivunja benchi wavunje.

Halafu panda basi. Laela usishuke, hata ukiniona barabarani. Nenda mpaka Sumbawanga mjini, polisi, umpe mkubwa wao barua hii, siyo wa mapokezi. Mwambie aliyeandika yuko tayari kufungwa, aje na karatasi nyingine nitaandika tena mbele yake. Baadaye utakwenda Muze kwa Debora. Mimi sina uso wa kutangulia, nitakuja nyuma yako. Utafute mwanasheria wa kumtoa Yonas, kama bado ni mzima. Miaka kumi na minne, Wilibrodi.

Na waje mchana, jua likiwa juu. Mtu asiguse ntumba. Asiyang'oe maharage, asiweke jembe, mpaka mkubwa wao ameinama akaona kwa macho yake mabonge yamepandana kwenda upande gani, na wapige picha. Nitasimama mbele kama nilivyosimama siku ile. Wewe simama nyuma yangu, unishike mikono yote miwili, na usiiachie hata nikipiga ukunga.

Fransiska